Usitukane Wakunga: Habari za Uzazi Kutoka Unguja Hadi Sydney

Mabinti wa ukoo wetu waliozaliwa au kukulia hapa Sydney wananiuliza suala moja mara kwa mara: je, mwenye mimba amwendee mkunga, au amwendee daktari bingwa wa uzazi? Wanaume wa rika langu hatukulelewa kulizungumza jambo hili. Desturi yetu ilikuwa kuketi barazani mpaka tuitwe. Lakini suala hili lina tarikhi ndefu, na sisi tuna sehemu yetu ndani yake. Kwa hiyo nimeona ni wajibu kuyaandika ninayoyajua.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiarabu mkunga huitwa *qabila*, yaani mwenye kupokea, kwa kuwa mama hutoa naye hupokea. Ibn Khaldun ameitengea kazi hii fasili nzima katika *Muqaddima* yake ya mwaka 1377, akaihesabu miongoni mwa sanaa ambazo wanadamu hawawezi kuishi bila ya hizo. Anasema kwamba kazi hii kwa kawaida ni ya wanawake. Anasema pia kwamba maradhi ya mtoto mchanga, tangu kuzaliwa mpaka kuachishwa ziwa, wakunga huyajua kuliko tabibu hodari. Maneno hayo ni ya kadhi na mwanachuoni, asiye na maslahi yoyote katika ukunga.

Kabla yake alikuwapo al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Kitabu chake *al-Tasrif* kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo ameeleza mkunga afanye nini mtoto akitangulia kwa miguu au kwa mkono, na amechora vyombo vya kutumia pale mambo yanapokuwa mazito. Katika zama hizo tabibu aliandika na mkunga akatenda. Hakuandika ili amwondoe mkunga chumbani. Aliandika ili amfunze.

Huko kwetu Unguja, Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameacha kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anasimulia kwamba wakunga kutoka Bara Hindi walitakiwa zaidi kuliko wa kienyeji. Hivyo hata katika majumba ya kifalme watu walichagua na kupendelea, na aliyetoka mbali alidhaniwa kuwa na ujuzi zaidi. Mabinti zetu wa leo si wa kwanza kutatizika.

Katika nyumba za kawaida mkunga alikuwa bibi wa mtaa, aliyewapokea mama na mwana na pengine mjukuu. Kazi yake haikwisha kwa kukata kitovu. Alimkanda mzazi kwa maji ya moto, akamfunga tumbo, akasimamia uji wa pilipili manga, akamwelekeza namna ya kumnyonyesha mwana, na akaendelea kuingia na kutoka mpaka arubaini itimie. Ndiyo maana wahenga wakatuusia: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Hata hivyo, tusiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Katika shajara ya nasaba tuliyorithi, majina mawili ya wanawake yameandikwa pembeni maneno yale yale: *tuwuffiyat fi nifasiha*, yaani alifariki katika nifasi yake. Baada ya majina hayo mstari unakatika. Mwanamke anayekufa kwa uzazi tumefundishwa kumhesabu katika mashahidi, na hilo lilikuwa faraja kwa waliobaki. Lakini damu ilipokataa kusita, au kifafa cha mimba kilipomshika mja mzito, bibi wa mtaa hakuwa na dawa wala kisu, na hospitali ilikuwa mbali au haikuaminiwa. Watu wetu hawakuikimbia kwa ujinga tu. Waliona haya mwanamke wao kutazamwa na mwanamume wa kigeni. Dawa ya haya ikapatikana kwa kuwasomesha wanawake. Pole pole majina kama Mwembeladu kwa Unguja na Lady Grigg kwa Mombasa yakawa maneno ya nyumbani, na mkunga mwenye cheti akawa daraja kati ya ukumbi wa nyumba na wodi.

Wala Ulaya isidhaniwe kuwa daktari alikuwa salama siku zote. Katika hospitali kuu ya Vienna palikuwa na wodi mbili za uzazi: moja ikifundisha madaktari, nyingine ikifundisha wakunga. Kati ya 1841 na 1846, katika ile ya madaktari walikufa karibu wazazi 10 katika kila 100, na katika ile ya wakunga karibu 4. Wanawake waliomba kwa machozi wapelekwe kwa wakunga. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis aligundua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuja kuzalisha kwa mikono ile ile. Akaamrisha kunawa kwa maji ya klorini, na vifo vikapungua mno.

Sasa tuje Sydney. Kabla ya merikebu za 1788, wanawake wenyeji wa nchi hii walipokewa na mama zao na bibi zao, kama sisi. Miongoni mwa Waingereza wa mwanzo, mmoja wa wakunga wanaokumbukwa ni Margaret Catchpole, mfungwa aliyeletwa 1801 na kufariki 1819, ambaye barua zake zimehifadhiwa. Mwaka 1893 ikafunguliwa hospitali ya wanawake ya Crown Street. Mwaka 1912 serikali ikaanza kumpa kila mama pauni 5 kwa uzazi, na wengi wakaitumia kumlipa daktari. Lakini sheria hiyo iliwatoa wanawake wa Kiasia, wenyeji wa nchi na watu wa visiwa vya Pasifiki. Mabibi zetu wenye asili ya Oman, lau wangalikuwa hapa, huenda wangalirudishwa mlangoni. Mwaka 1924 ikaja sheria ya kuwasajili wauguzi wa New South Wales pamoja na wakunga, na tangu hapo mkunga akawa chini ya bodi, na zaidi na zaidi chini ya daktari.

Hapo hapo Crown Street ndipo daktari William McBride alipotambua madhara ya thalidomide kwa watoto walio tumboni. Barua yake katika jarida la *The Lancet*, Desemba 1961, ilimpa sifa duniani. Lakini waandishi waliofuatilia kisa hicho wanamtaja Sista Pat Sparrow wa wodi ya kuzalishia kuwa ndiye aliyeanza kuihusisha dawa ile na vilema alivyoviona. Ibn Khaldun asingalistaajabu.

Leo hospitali za serikali humpokea mzazi bila malipo akiwa na kadi ya Medicare, na tangu 2010 baadhi ya wakunga wa kujitegemea nao hulipwa sehemu ya ada zao na Medicare. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya wanawake ya Randwick na nyingine ya Brisbane, ukachapishwa 2013, uliwafuata wanawake 1,748, wenye hatari ndogo na kubwa. Waliokuwa na mkunga mmoja waliyemjua walijifungua kwa usalama sawa na wengine. Idadi ya waliopasuliwa haikutofautiana sana, na gharama ilipungua kwa dola 566 hivi kwa kila mmoja. Nayo kamati ya Bunge la New South Wales iliyochunguza majeraha ya uzazi ilipokea maelezo zaidi ya 4,000. Katika ripoti yake ya 2024 ilihimiza kila mama aweze kupata mhudumu anayemjua wa kumfuata tangu mimba mpaka baada ya kujifungua.

Kwa hiyo, mabinti zangu, mwenye mimba yenye afya asione unyonge kumchagua mkunga, wala asidhani kwamba kulipa maelfu ya dola ni dalili ya heshima. Na mwenye shinikizo la damu, kisukari, mapacha au kovu la upasuaji asimkimbie daktari bingwa kwa sababu ya haya au ya hadithi za zamani. Yeyote mtakayemchagua, muulizeni mambo mawili: nani atakuwa nami uchungu ukinishika usiku, na ni lini utaniita mwenzako? Majina yale mawili katika shajara yetu yalikuwa na mtu wa kuwa nao usiku. Walichokikosa ni huyo wa pili.

Mwisho nina ombi. Nasaba zetu zimehifadhi baba wa kila mtu hadi mababu wa Oman, lakini hazikuandika ni nani aliyempokea. Kila mwenye kumkumbuka mkunga wake, wa Unguja, Pemba, Mombasa, Muscat au hapa Sydney, aniletee jina na mtaa. Nimeshafungua safu mpya pembeni ya shajara, na hadi sasa ina majina saba tu.