Nairuzi: Kutoka Machipuo ya Uajemi hadi Julai ya Makunduchi

Wafalme wa Kisasani, waliotawala Uajemi tangu mwaka 224 hadi 651, walifungua mwaka kwa sikukuu ya Nairuzi. Mfalme alikaa barazani, wakuu wakamletea zawadi. Ilikuwa sikukuu ya machipuo, theluji inapoyeyuka na mashamba kuamka. Lakini kalenda ya dola ilikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za nyongeza, basi. Robo ya siku iliyobaki haikuhesabiwa, na kila miaka minne sikukuu ikalitangulia jua kwa siku moja. Yazdegerd wa Tatu, mfalme wa mwisho, alitawazwa mwaka 632, na mwaka huo Nairuzi iliangukia Juni.

Uislamu ulipotawala, Nairuzi haikufutwa, kwani ndiyo iliyokuwa tarehe ya kukusanya kharaji, yaani kodi ya ardhi. Kufikia karne ya 9 ilikuwa imerudi hadi Aprili, na mkulima akadaiwa kodi ilhali ngano yake ingali shambani. Kwa sababu hiyo khalifa al-Mu'tadid wa Baghdad aliisogeza mwaka 895 hadi tarehe 11 Juni. Dawa ya kudumu ilipatikana mwaka 1079: Sultani Malik-Shah aliwaita wanajimu, Omar Khayyam miongoni mwao, wakaifunga Nairuzi na siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana. Huko Iran ingali hapo hadi leo.

Mabaharia hawakufuata matengenezo hayo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, hivyo hauwezi kumwambia nahodha lini kaskazi itavuma. Hesabu ya zamani ya siku 365 ilimtosha, kwa kuwa katika umri wake wote ingepotea siku chache tu. Mwishoni mwa karne ya 15, nahodha Ahmad ibn Majid alitaja misimu ya safari kwa idadi ya siku tangu Nairuzi.

Kwa njia hiyo ya jahazi hesabu ilifika pwani yetu. Mapokeo huutaja mji wa Shirazi, Uajemi, na msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Waswahili waliugawa mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, wakajua lini wapande na lini wasafiri. Machipuo hayakuwa na maana tena hapa. Kilichobaki ni hesabu, na kwa maoni yangu hesabu ndiyo urithi mkubwa kuliko sherehe.

Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanaoga mwaka, yaani wanaisherehekea Nairuzi. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vigogo vya migomba, magomvi ya mwaka mzima yakaishia hapo. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto mtu akiwa ndani. Hutoka mbio, umati ukimtupia mchanga na kushangilia, na wanawake huimba kwa nguo zao mpya. Kwa kuwa robo ya siku haijawahi kuongezwa, sherehe sasa huwa katikati ya Julai, nao Maparsi wa tawi la Kadmi nchini India, warithi wa kalenda ileile ya Yazdegerd, hufungua mwaka wao nyakati hizohizo.

Mwaka 2009 UNESCO iliiorodhesha Nairuzi kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu kwa ombi la nchi saba, zikiwemo Iran na India. Tanzania haikuwamo. Wazee wanaojua miongo wanapungua. Vijana wa Kusini Unguja, andikeni hesabu yao wangali hai.