Majivu ya Majalada

Juma hili nataka tuzungumzie majivu.

Mwaka 1961, Tanganyika ikiwa mlangoni pa uhuru, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa mwongozo kuhusu majalada. Serikali mpya isiachiwe karatasi ya kuiaibisha serikali ya Malkia, wala ya kuwafichua watoa habari wa polisi. Kule Kenya majalada nyeti yaligongwa mhuri wa herufi W, na aliyeruhusiwa kuyashika ni ofisa Mwingereza wa asili ya Ulaya tu. Karani Mwafrika, hata awe na utumishi wa miaka ishirini, akae kando!

Kazi yenyewe ilielekezwa kwa makini. Karatasi iwe majivu, na majivu nayo yavunjwevunjwe. Pengine yafungwe ndani ya masanduku mazito yakazamishwe baharini, penye kina kirefu pasipo na mkondo. Mengine yalipelekwa Uingereza, na hayo ndiyo yaliyowaumbua. Wazee wa Mau Mau walifungua kesi London mwaka 2009. Mwaka 2011 serikali ikakiri kuficha huko Hanslope Park majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa Wakenya 5,228.

Huku kwetu Msasani, penye maofisi mengi ya mikataba, mtu akimaliza kazi hufuta mambo yake kwenye kompyuta mpakato, akairudisha. Wale maofisa walijua kwamba kufuta si kuteketeza. Mara nyingi mashine huondoa jina tu kwenye orodha. Picha za watoto na taarifa za benki zingalimo, na fundi mwenye programu huzifufua. Dawa ni kuifunga diski nzima kwa ufunguo wa siri tangu siku ya kwanza, kisha mwishoni kuuharibu ufunguo huo.

Lakini futa yaliyo yako. Hesabu na barua za ofisi ni za mwajiri, na taarifa za wateja zinalindwa na sheria ya mwaka 2022. Mkabidhi kwanza, tena kwa maandishi. Ukiziteketeza, sioni tofauti yako na Macleod.

Majalada yaliyonusurika yalianza kufunguliwa kwa umma mwaka 2012, katika nyaraka za taifa za Uingereza, Kew. Ya Tanganyika yamo pia. Mtanzania anayetaka kuyashika kwa mkono wake atafute viza.