Mwezi Gisabo na Wajerumani wa Usumbura

Mji tuuitao leo Bujumbura, ambao katika zama za Wajerumani ulijulikana kwa jina la Usumbura, ulikuwa mwaka 1897 boma la askari kando ya ziwa Tanganyika, na maafisa waliokaa pale hawakutaabishwa na jambo kama walivyotaabishwa na azma yao ya kukutana na Mwami Mwezi Gisabo, sultani wa Urundi, ambaye hakuwa na haja ya kuwaona. Sababu alikuwa nayo: miaka iliyotangulia alikwisha kumzuia Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, tajiri wa Ujiji, asipenye milimani kwake, na alijua kwamba ajaye kwa bunduki na zawadi huanza kwa kuomba mahali pa kuketi.

Kwa Mwezi, kuonana kulikuwa nusu ya kushindwa. Hata jirani zake wa Rwanda, alipowajia Kapteni Ramsay, afisa wa Kijerumani, mwaka ule wa 1897, walimketisha mbele yake mtu aitwaye Mpamarugamba mahali pa Mwami Musinga, na afisa yule akaagana naye akidhani amefanya mapatano na mfalme.

Subira ya Wajerumani ilikwisha mwaka 1903. Kapteni von Beringe wa boma la Usumbura, bila kujali kwamba serikali ya Kijerumani huko Dar es Salaam ilitaka amani na wafalme wa bara, alipanda milimani na askari wake, akisaidiwa na watu wawili waliomwasi Mwezi, yaani Kilima na Maconco, huyu wa pili mkwewe Mwezi mwenyewe, hata tarehe 6 Juni, huko Kiganda, Mwami akakubali himaya ya Kaisari, akakiri uhuru wa waasi hao wawili na kutozwa faini ya ng'ombe 424. Hapa ndipo niuonapo uchungu wa mkataba ule, kwa maana katika Urundi ng'ombe ndiye aliyefunga ahadi baina ya bwana na mtu wake, akitolewa kwa hisani na kupokewa kwa utii. Na sasa Mwami, aliyekuwa mtoaji mkuu, alilazimishwa kumtoa kama mtu aliyehukumiwa. Siwezi kuyaita mapatano yale sulhu. Yalikuwa nguvu iliyotiwa wino.

Gavana von Götzen wa Dar es Salaam hakuridhika na tendo lile. Beringe aliondolewa, na von Grawert aliyeshika mahali pake akarejea kumtegemeza Mwezi, akiwageuka Maconco na Kilima ambao serikali yake ilikuwa imewatukuza, kwa kuwa boma la Usumbura lilikwisha kutambua kwamba bila Mwami halikuwa na njia ya kuitawala milima ile. Mwezi alifariki mwaka 1908, angali Mwami.