Tarehe ya Sakania, Mji wa Mafumbo Matatu

Ukiitazama ramani ya Kongo, kwenye pembe yake ya kusini-mashariki utaona kipande cha nchi kimechomoza kama kidole na kuichoma Zambia ubavuni, karibu kuigawa vipande viwili. Kwenye shina la kidole hicho ndipo ulipo mji wa Sakania, katika mkoa wa Haut-Katanga. Kwenda Lubumbashi kwa reli ni zaidi ya kilomita 200. Ndola, ng'ambo ya mpaka, haifiki 30. Mji si mkubwa. Hata hivyo, katika miaka mia moja na ushee, mambo matatu yametokea ndani yake au mlangoni pake ambayo watu wa mbali wameyaandikia vitabu: mpaka wa ajabu, nabii aliyeua, na ndege iliyoanguka usiku. Mawili yamefumbuliwa. La tatu halijafumbuliwa, wala si kwa kukosa mashahidi.

Fumbo la kwanza ni mpaka wenyewe. Panda basi Mufulira uende Mansa, upitie Mokambo na kukatiza ardhi ya Kongo kwa kilomita 70 hivi hadi mto Luapula, na huenda ukamkuta abiria atakayekusimulia habari ya mfalme wa Italia. Waingereza na Wabelgiji waligombana, atasema, mfalme akaombwa kuamua, naye akapitisha mstari kwa rula bila kujali ni nchi ya nani. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hili halipo. Mfalme wa Italia aliamua kesi nyingine, mwaka 1905, ya mpaka wa nchi ya Barotse kati ya Waingereza na Wareno, mbali huko magharibi.

Mstari wa Sakania ulitoka katika mkataba wa tarehe 12 Mei 1894, kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mkataba ulisema mpaka uufuate mto Luapula hadi unapotoka katika Ziwa Bangweulu. Kutoka hapo ushuke kusini moja kwa moja hadi kwenye mwinuko unaotenga maji yanayokwenda mto Kongo na yale yanayokwenda Zambezi. Kisha ushike mwinuko huo kuelekea magharibi. Kwenye karatasi maneno hayo yalikuwa safi. Kwenye ardhi, Bangweulu ni ziwa lililozungukwa na mabwawa makubwa ambayo wachora ramani wa siku zile hawakuyajua vizuri, na Luapula huanza kwa kwenda kusini kabla ya kujipinda magharibi na kurudi kaskazini. Kufuata maneno yale ndiko kulikozaa kidole. Leopold hakuwahi kukanyaga Kongo. Kamisheni ya pamoja ilikuja kuuweka mpaka ardhini kati ya 1911 na 1914, na kufikia hapo Walala, Walamba na Waaushi walikuwa wamekwisha kuwa raia wa serikali mbili, kaka huku na dada kule.

Mji nao ulizaliwa na reli. Mwezi Desemba 1909 njia ya reli kutoka Rhodesia, iliyokuwa imesimama Broken Hill tangu 1906, ilifika mpakani, na Sakania ikawa stesheni ya kwanza ya Katanga. Septemba 1910 treni ya kwanza iliingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Kwa kuwa upana wa reli ulikuwa uleule pande zote mbili, mabehewa yalipita bila kupakuliwa. Makaa ya mawe ya Wankie yalipanda kaskazini kulisha tanuru za kampuni ya Union Minière. Shaba ilishuka kusini hadi bandari ya Beira. Watu walipita pia: vijana kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Nyasaland waliokwenda kutafuta kazi migodini, makarani, wapishi na wahubiri. Watu wa forodha walihesabu magunia na masanduku. Imani iliyokuwa kichwani mwa abiria haikulipiwa ushuru, nayo ikapita.

Ndivyo lilivyoingia fumbo la pili, mwaka 1925. Tomo Nyirenda alikuwa kijana wa Nyasaland aliyeshika mafundisho ya Watchtower, yale ambayo Kongo nzima ingeyaita Kitawala. Alianza kuhubiri na kubatiza miongoni mwa Walala wa Mkushi, upande wa Waingereza, akijiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu. Watu walimpenda kwa sababu aliwaahidi jambo ambalo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyima: kuwaondolea wachawi. Sheria ya wazungu ilimwadhibu anayemtaja mchawi, wala haikumgusa mchawi mwenyewe, na vijijini hofu ilikuwa imejaa. Nyirenda aliugeuza ubatizo kuwa mtihani. Mtu alizamishwa mtoni; aliyezama sawasawa alihesabiwa kuwa safi, na ambaye maji yalionekana kumkataa aliambiwa ni mchawi, akauawa palepale. Chifu Shaiwila akaona nafasi ya kuwamaliza wapinzani wake kwa mkono wa nabii.

Polisi wa Rhodesia walipoanza kumsaka, Mwana Lesa alivuka mpaka na kuingia kwenye kidole cha Kongo. Huko ndiko alikoua watu wengi zaidi. Kwa pande zote mbili idadi ilikaribia 200. Hatimaye alirudi upande wa Waingereza, akakamatwa, akahukumiwa, akanyongwa mwaka 1926, na Shaiwila vilevile. Watu waliuliza kwa muda mrefu: ilikuwaje vijiji vizima vikamfuata? Jibu lilipatikana kwa sababu kesi iliendeshwa, mashahidi wa vijijini wakasikilizwa na maneno yao yakaandikwa. Wanahistoria walioyasoma baadaye wamekuta nabii aliyetumiwa na wakubwa, pamoja na watu waliokuwa wamechoka kuogopa.

Fumbo la tatu lilidondoka kutoka angani. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo tangu Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe. Tarehe 13 Septemba 1961 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza mapigano Élisabethville dhidi ya askari wa Katanga na mamluki wao. Katibu Mkuu, Dag Hammarskjöld wa Sweden, akaamua kukutana na Tshombe uso kwa uso, na mahali palipochaguliwa pakawa Ndola. Jioni ya tarehe 17 aliondoka Léopoldville katika ndege ya DC-6 iliyoitwa Albertina. Rubani alizunguka mbali mashariki, upande wa Ziwa Tanganyika, ili kukwepa anga ya Katanga, kwani ndege moja tu ya kivita ya Katanga, Fouga Magister, ilikuwa imewatesa askari wa Umoja wa Mataifa kwa siku kadhaa.

Baada ya saa sita usiku rubani aliwaambia watu wa uwanja wa Ndola kwamba anaziona taa zao. Kisha kimya. Pale uwanjani, mkubwa mmoja wa Waingereza akasema huenda Katibu Mkuu ameamua kwenda kwingine, na watu wakaenda kulala. Mabaki yalitangazwa kuonekana saa tisa alasiri ya tarehe 18, kilomita 15 tu kutoka uwanjani. Kati ya watu 16, ni mlinzi Harold Julien peke yake aliyekutwa hai. Alisema kulikuwa na mlipuko. Akafa hospitalini siku chache baadaye.

Lakini msitu ule haukuwa mtupu. Walikuwamo wachoma makaa, ambao tanuru la udongo huwalazimu kukesha, kwa maana likipasuka na moto ukapata hewa, kazi ya wiki nzima huwa majivu. Walikuwa macho. Baadhi yao walisema waliona ndege ya pili, ndogo, na mwako angani kabla ya ile kubwa kuanguka. Wengine walifika penye mabaki alfajiri, saa nyingi kabla ya serikali, wakamwona mzungu ameegemea kichuguu. Watatu waliokota mashine iliyofanana na taipu, kumbe ilikuwa ya kuandikia siri. Wakakamatwa na kufungwa kwa wizi. Tume ya Rhodesia ilihukumu mwaka 1962 kwamba rubani alishuka chini mno, na maneno ya mashahidi Waafrika yakawekwa kando. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo haikukata shauri.

Ilipita nusu karne. Mwaka 2011 kitabu cha Susan Williams kilifufua swali, na wazee waliokuwa vijana msituni wakaulizwa upya. Umoja wa Mataifa ukaukabidhi uchunguzi mpya kwa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania. Katika ripoti yake ya 2017 alisema yaelekea kweli kwamba shambulio au tishio kutoka nje huenda lilikuwa miongoni mwa sababu za ajali. Katika ripoti zake zilizofuata amerudia kwamba Uingereza, Marekani na Afrika Kusini zinaelekea kuwa na taarifa ambazo hazijatolewa.

Sakania iliendelea na maisha. Askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini Januari 1963, Katanga ikarudi Kongo. Mwaka 2001 mawe ya shaba ya mgodi wa Lonshi yakaanza kuvushwa kwa malori kwenda kusafishwa Bwana Mkubwa, jirani na Ndola. Mwaka 2007 mgodi wa Frontier ukafunguliwa kando ya mji. Serikali ilipoinyang'anya kampuni ya First Quantum mgodi huo mwaka 2010, kesi ikafika mahakama za nje na kumalizwa 2012 kwa dola bilioni 1.25, bei iliyojumuisha migodi mingine. Bukari, yaani ugali, ya mezani, mara nyingi, bado ni ya unga wa Zambia.

Mpaka tumeuelewa kwa sababu mkataba unasomeka. Mwana Lesa tumemwelewa kwa sababu wanakijiji walisikilizwa. Albertina imebaki fumbo kwa kuwa walioona walidharauliwa na wenye karatasi wamezifungia. Basi London, Washington na Pretoria wafungue makabati. Nanyi vijana wa Sakania, Mokambo na Ndola, msingoje tume: chukueni simu zenu, ketini na wazee wa 1961 waliobaki, muwarekodi wakiwa bado wanakumbuka.