Uzima wa Ishara

Nikiigusa ile njia kwa ncha ya osiloskopu, bodi inafanya kazi. Nikiiondoa ncha, data zinaharibika. Nilishinda siku mbili na jambo hilohilo kwenye bodi yangu ya kwanza ya tabaka mbili, yenye chipu ya kumbukumbu inayosomwa kwa mapigo milioni 20 kwa sekunde. Katika kazi hizi, milioni 20 ni mwendo wa kobe. Njia ya shaba kutoka kwenye prosesa hadi kwenye chipu ilikuwa na sentimita 14 tu. Haikukatika wala haikugusana na jirani yake, na mita ililia kila nilipoipima. Umeme ulikuwa unapita. Kilichofika kimeumia ni ishara.

Taaluma inayoshughulikia majeraha ya namna hiyo ina jina la Kiingereza, signal integrity, na integrity ni neno lilelile wanalolitumia Waingereza kumsifia kiongozi asiyekula rushwa na ukuta usio na ufa. Hapo ndipo mfasiri anapojikwaa. Niliwahi kuona katika rasimu ya kitini cha mafunzo maneno “uadilifu wa ishara”. Nilimwonea huruma mwanafunzi atakayekisoma. Mwadilifu ni mtu, au hukumu, au mizani ya mwenye duka. Volti 3.3 haiwezi kula rushwa, na anayeanza kujifunza kwa neno hilo ataanza kwa kutafuta udanganyifu mahali palipo na jeraha.

Wengine huandika “ukamilifu wa ishara”. Hilo ni jema zaidi, ila linadai mno. Hakuna ishara inayofika kamili kama ilivyotoka. Shaba huila kidogo, ubao huila kidogo, na pembe zake kali hulainika njiani. Mhandisi hatafuti ukamilifu. Anataka sifuri ifike ikisomeka kuwa sifuri, na moja ifike ikisomeka kuwa moja, kwa wakati wake. “Usalama” nao umekwisha chukuliwa na watu wa nywila na wadukuzi.

Mimi nasema uzima. Neno la Kiingereza lilitoka kwenye Kilatini, integer, yaani kitu kizima kisichoguswa. Mzizi huo ndio uliowapa wanahisabati wa Ulaya jina la namba zisizo na sehemu, na sisi tangu shule ya msingi tunazo namba nzima. Chungu kizima ni kile kisichovunjika. Mgeni akishuka basi baada ya safari ya usiku kucha tunamuuliza kama amefika mzima, naye hujibu kuwa ni mzima ingawa miguu imevimba na vumbi limemjaa nyweleni. Uzima unakubali uchovu na makovu. Ukamilifu haukubali. Na ishara inayofika mwisho wa njia yake huwa na hali ya huyo msafiri hasa.

Basi tuangalie kinachoiumiza njiani.

Mwanga husafiri sentimita 30 hivi kwa nanosekunde moja. Ndani ya ubao wa nyuzi za kioo na gundi ya epoksi, ishara huenda karibu nusu ya mwendo huo, yaani sentimita 15. Chipu nyingi za leo hupanda kutoka sifuri hadi moja ndani ya nanosekunde moja au chini yake. Weka hesabu hizo mbili pamoja: katika njia yangu ya sentimita 14, ukingo wa mbele wa ishara ulikuwa unakaribia mwisho wakati ukingo wa nyuma ndio kwanza unatoka mlangoni. Njia haikuwa tena kiungo tu kati ya nukta mbili. Ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho, na kila mahali pana volti yake. Ndiyo sababu idadi ya mapigo kwa sekunde hudanganya wengi. Kinachoamua ni ukali wa kupanda.

Ishara inapotembea, kila hatua hukutana na uwiano fulani wa volti na mkondo. Uwiano huo tunauita impidansi, neno alilolibuni Mwingereza Oliver Heaviside mwaka 1886. Naliacha katika umbo lake la kuazima kwa makusudi, kwa kuwa ukinzani ni jina la jambo jingine. Njia ya shaba ya sentimita 10 yenye upana wa milimita 0.2 ina ukinzani wa robo ya omu hivi, lakini impidansi yake inaweza kuwa omu 50. Hizo 50 hazitoki kwenye urefu wa shaba. Zinatokana na upana wa njia, kimo chake juu ya tabaka la graundi, na ubao ulio katikati. Panapobadilika kimojawapo, sehemu ya ishara hugeuka na kurudi ilikotoka. Ikitoka kwenye omu 50 na kuingia kwenye 75, moja ya tano hurudi.

Kitu kinachogonga na kurudi kwetu kina jina: mwangwi. Hapa sioni haja ya kubuni chochote. Kwenye bodi yangu mwangwi ulikuwa ukienda na kurudi, volti ikipanda hadi karibu 5 katika mfumo wa 3.3, ikishuka, ikipanda tena, na chipu ikihesabu pigo moja kuwa mawili. Ncha ya osiloskopu iliongeza mzigo mdogo uliolainisha ule ukali, ndiyo maana ilikuwa kama inaponya. Dawa yenyewe ilikuwa rizista moja ya omu 33, kubwa kidogo kuliko chembe ya mchanga, iliyochomelewa karibu na mguu wa prosesa. Ikaunyonya mwangwi uliporudi.

Ugonjwa huu ni mkongwe. Agosti 1858, salamu za Malkia Victoria kwa Rais James Buchanan wa Marekani, maneno 98, zilichukua saa 16 kupita kwenye kebo mpya ya chini ya Atlantiki, kwa sababu kila pigo lilitanuka njiani na kulivamia lililofuata. Aliyesimamia umeme wake, Wildman Whitehouse, alijibu kwa kuongeza nguvu hadi volti 2,000 hivi, na kebo ikafa ndani ya wiki chache. Mwanafizikia William Thomson alikuwa amekwisha eleza tabia hiyo ya kebo kwa hesabu. Waya wa namna hiyo ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na katika lugha yetu waya ndio uliobeba kila kitu: simu ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya.

Simu hizohizo zilituachia istilahi nyingine. Aliyetumia simu za mezani anakumbuka kusikia mazungumzo ya watu asiowajua, akasema laini zimeingiliana. Njia mbili za shaba zikikimbia sambamba kwa karibu, ya kwanza huinong'oneza ya pili vivyo hivyo. Mwingiliano wa laini ni jina tayari, linalojulikana na bibi na fundi.

Jambo ambalo picha ya bodi hailionyeshi ni marejeo. Mkondo unaokwenda lazima urudi, na ishara kali hurudi kwenye graundi ikiwa chini kabisa ya njia yake ya kwenda, kama kivuli cha saa sita. Ukilipasua tabaka la graundi, kivuli hukosa pa kupita. Kitazunguka ufa, kikiingilia njia za wengine. Wabunifu wachanga huchora njia za kwenda kwa uangalifu mkubwa na kuisahau kabisa ya kurudi. Mafundi wa simu hulijua jambo hili kwa mikono: jampa ya waya mwembamba kwenye laini ya chaji hufanya kazi miaka, lakini jampa hiyohiyo, ndefu na iliyoinuka juu ya bodi, kwenye laini ya kamera inaweza kuacha picha yenye mistari. Mita italia, shaba imeungana. Waya umeiacha graundi yake mbali.

Katika kumbukumbu inayopokea biti bilioni 3.2 kwa sekunde kwenye kila laini, biti moja ina urefu wa sentimita 4.7 hivi juu ya ubao, hivyo biti mbili zinaweza kuwa safarini pamoja katika njia fupi kuliko kalamu. Kuzipima, osiloskopu hupanga maelfu ya biti moja juu ya nyingine mpaka mistari itengeneze umbo la jicho. Mwangwi huzifanya kope kuwa nzito, mwingiliano huzisogeza karibu. Katikati ya jicho huchorwa eneo dogo, na mpimaji huiacha mashine ikusanye, milioni baada ya milioni, akiangalia kama kuna mstari hata mmoja utakaoligusa.