Kichomi cha Kisigino, Wala si Uvimbe wa Utando

"Uvimbe wa utando wa nyayo." Hivyo ndivyo kipeperushi kimoja cha afya kilivyoamua kuuita ugonjwa ambao madaktari wetu huuandika kwenye faili kwa Kilatini kilichopachikwa mkia wa Kigiriki. Maneno makuu yake ni matatu, na yote matatu yamekosea. Kwa jina lililopita mikononi mwa jopo zima la wataalamu, tena kwa vikao vyenye posho, hayo si mafanikio madogo.

Ugonjwa wenyewe sina haja ya kuueleza kwa kirefu. Aliyewahi kuamka asubuhi, akashuka kitandani, akakanyaga sakafu kisha akarudi kuketi huku amekunja uso, anaujua. Nitakalojadili ni jina.

Nianze na nyayo. Unyayo ni upande wote wa chini wa mguu, kuanzia kisigino hadi vidoleni, na pia ni alama inayobaki mchangani mwenye mguu akishaondoka. Nchini Kenya neno hili lilibebeshwa siasa tangu 1978, Rais Moi alipotangaza kwamba anafuata nyayo za Kenyatta, na hadi leo uwanja wa mpira unaitwa hivyo. Si kosa la unyayo. Lakini maumivu haya hayako unyayoni kote. Mgonjwa huyaonyesha kwa kidole kimoja: chini ya kisigino, kwa upande wa ndani, pale mshipi mnene unaoshikilia upinde wa mguu unapoanzia kwenye mfupa. Lugha inayo kisigino. Kwa nini isikitumie?

Utando nao una kisa kirefu zaidi. Fascia ya Kilatini, ndiyo iliyotafsiriwa utando, ilikuwa kitambaa kirefu cha kufungia: bendeji, mshipi, ukanda. Ni ndugu wa fascis, yaani mzigo wa fimbo zilizofungwa pamoja, uliobebwa mbele ya wakuu wa Roma kuonyesha mamlaka yao. Na kutoka ukoo huohuo Waitalia wa karne ya 20 walijipatia jina la ufashisti. Ukoo wote huo unazungumzia kufunga na kukaza. Sasa muulize Mswahili yeyote utando ni nini. Atakuonyesha buibui, au maziwa yaliyopoa, au jicho la mzee. Utando ni kitu chepesi, ukiupuliza unachanika. Mshipi wa unyayoni una unene wa milimita 2 hadi 4, na kwa mgonjwa huzidi hapo. Unabeba uzito wa mwili kila hatua tunayopiga. Kuuita utando ni kuutukana. Tungekuwa na haja ya kuutaja, ukano upo, na umekuwepo tangu wachinjaji wa kwanza walipotenganisha nyama na mfupa.

Hata hivyo, kosa kubwa ni uvimbe. Hapa ndipo wenzetu wa kamati walipofanya kazi kwa kanuni badala ya masikio. Kanuni yao inasema: ukiona jina la ugonjwa linaishia na itis, andika uvimbe, kisha taja kiungo. Mkia huo wa Kigiriki haukuzaliwa na maana hiyo. Ulikuwa kivumishi tu, cha jinsia ya kike, kilichokubaliana na nosos, yaani ugonjwa. Arthritis nosos ilikuwa ugonjwa wa viungo, basi, bila kusema kiungo kinawaka au kimepoa. Maana ya kuwaka ilipachikwa baadaye na matabibu wa Ulaya. Na hata kuwaka kwenyewe si kuvimba peke yake. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kamati ikachukua moja katika nne, ikaifanya jina la zote.

Basi tungesamehe kama kisigino kingekuwa kinavimba. Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa vipande 50 vilivyokatwa kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa maradhi haya. Walipoviangalia kwa darubini walikuta nyuzi zilizochakaa na kukatikakatika. Dalili za kuwaka hawakuzikuta. Wakapendekeza jina la Kilatini lenyewe libadilishwe mkia. Wenye lugha yao wanaona haya kwa mkia huo, sisi ndio tunautafsiri kwa bidii!

Ushahidi ulionitosha mimi, lakini, sikuupata katika darubini. Niliusikia kwenye benchi la zahanati moja, nikisubiri zamu yangu. Mama mmoja muuza chakula, amevaa kandambili zilizolika upande mmoja, alikuwa anahojiwa na muuguzi kijana aliyeshika kalamu.

"Shikamoo mama. Miguu imevimba?"

"Marahaba mwanangu. Haijavimba."

"Lakini hapa umesema inauma."

"Kisigino kinachoma. Asubuhi nikikanyaga tu, kama msumari. Nikizungukazunguka kidogo kinatulia. Jioni nikishafunga kazi, kinaanza tena."

Muuguzi akainama akaandika. Nilichungulia, sikatai: aliandika "miguu kuvimba." Mgonjwa alikuwa amelitoa jina kamili la ugonjwa wake, pamoja na saa zake za kuja na kuondoka, likakataliwa kwa kuwa halikufanana na lililofundishwa.

Jina baya halikai kwenye karatasi tu. Aliyeambiwa ana uvimbe huenda duka la dawa kuomba vidonge vya kukausha uvimbe, na muuzaji humpa diklofenaki, ambayo hutuliza maumivu kwa siku kadhaa na kumwachia vidonda vya tumbo akiizoea. Wakati tiba yenyewe ni ya kukivuta na kukizoesha kazi kile kilichochakaa. Kabla hajashusha mguu sakafuni, mgonjwa aukunje juu ya goti la pili, avute vidole kuelekea muundi mpaka asikie upinde umekaza, ahesabu sekunde 10, aachie, arudie mara 10. Na hivyo mara tatu kwa siku. Anyooshe na shavu la mguu kwa kuegemea ukuta, maana shavu likikaza kisigino ndicho hulipa. Wengine hupewa zoezi la kusimama kwenye ngazi, taulo limekunjwa chini ya vidole, wakiinua na kushusha kisigino polepole, kwa kuruka siku moja kila mara. Kandambili bapa ziwekwe kando, avae kiatu chenye kisigino kilichoinuka kidogo na soli inayobonyea. Chupa ya maji yaliyoganda iviringishwe chini ya unyayo jioni. Uzito upunguzwe kama umezidi. Wengi hupona ndani ya mwaka bila kisu. Sindano ya steroidi hutuliza kwa muda, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kuukata ukano wenyewe na kuyamaliza mafuta yanayokinga kisigino.

Sasa neno langu. Kichomi.

Tazama choma linavyofanya kazi. Mwiba huchoma, moto huchoma, nyama huchomwa, na anayetiwa sindano huchomwa pia. Shati huchomekwa ndani ya suruali, upanga huchomolewa alani, jua huchomoza. Kuna ncha katika kila tendo, kitu kinachopenya au kinachotoka kwa kupenya. Kutoka hapo tuna mchomo, ambao ni tukio moja, na kichomi, ambacho ni maradhi ya kuchoma. Na tazama kiambishi ki- kilivyojaa maradhi, utadhani kilikuwa na hospitali yake: kikohozi, kifaduro, kichocho, kisonono, kifafa, kiharusi, kisukari, kizunguzungu, kichefuchefu, kiungulia, kiseyeye, kipandauso, kipindupindu. Mengi kati ya hayo hayakusubiri kikao. Kiungulia kilitoka kwenye kuungua, kikohozi kwenye kukohoa. Wazee walisikiliza mgonjwa anasema nini, wakaongeza ki-, wakaendelea na shughuli zao.

Niliwahi kulipeleka pendekezo hili mbele ya watu wa istilahi. Nikajibiwa kwamba ni "neno la mitaani." Sijui maneno mengine huzaliwa wapi. Mwenzangu mmoja, msomi wa kuheshimika, alikuja na ukanyayo, yaani ukano na unyayo vilivyogongana njiani, na kuna waliopiga makofi. Mwingine alitaka tuseme fashaitisi ya planta ili "tuende na dunia." Aende nayo kwa yule mama kwenye benchi, tuone watafika wapi.

Pingamizi moja tu lina uzito: kwamba kichomi tayari ni ugonjwa wa kifua, kile cha kuchoma mbavuni ambacho wengine hukiita nimonia. Ni kweli. Lakini tunasema homa ya ini na homa ya uti wa mgongo, na hakuna aliyewahi kumpima mgonjwa wa ini mgongo. Kiunganishi "cha", kama "ya" ya homa, kimewekwa katika lugha kwa kazi hiyohiyo. Kichomi kikisimama peke yake kibaki kifuani kwake. Kikipewa kisigino, kimehama.

Wapo pia wanaosema mwiba wa kisigino, kwa sababu picha ya eksirei huonyesha kijipembe cha mfupa kilichoota pale chini. Jina zuri, nalionea wivu, ila linasingizia. Vijipembe hivyo wanavyo watu wengi ambao visigino vyao havijawahi kuwauma hata siku moja, na wapo wanaougua bila kuwa navyo. Mgonjwa akiambiwa ana mwiba atataka ung'olewe, na atampata wa kuung'oa.

Matumizi, kwa ufupi: kichomi cha kisigino, wingi vichomi vya visigino, mgonjwa "ana kichomi cha kisigino cha kulia." Jina hili lisitumike kwa jongo, ambalo hushika zaidi kiungo cha kidole gumba, hukivimbisha kwelikweli na kukifanya chekundu kwa sababu ya fuwele za asidi ya yuriki, na lina dawa zake. Lisitumike kwa sugu wala magaga. Na mwenye kisukari anayesikia ganzi au moto miguuni asiulizwe habari za istilahi kabisa, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.