Malale: ugonjwa unaoingia ubongoni, na utafiti uliobadilisha dawa yake

Mtu mzima anaanza kusinzia mchana na kukesha usiku. Anasahau, anagombana bila sababu, anatembea akiyumba. Jirani mmoja atasema amerogwa, mwingine atasema ni wazimu. Lakini kwa wakaaji wa Kasongo na Kabambare kuna jambo lingine la kufikiria: malale, ama ugonjwa wa usingizi. Na malale yana dawa.

Unaletwa na nini?

Ni kijidudu kinachoitwa tripanosoma, kinacholetwa na mbung'o, yule inzi mkali wa kando ya mito na vivuli vya msitu. Kwanza kinakaa katika damu: homa, kichwa kuuma, mwili kuwasha, tezi za shingo kuvimba. Hali hiyo inaweza kuendelea miezi, hata miaka. Kisha kinaingia ubongoni, na hapo ndipo tabia na usingizi vinageuka. Asiyetibiwa, kwa kawaida anakufa.

Kasongo katika historia ya utafiti

Daktari Mwingereza Joseph Dutton ndiye aliyetambua kijidudu hicho katika damu ya mtu, huko Gambia, mwaka 1902. Mwaka 1903 alikuja Kongo na mwenzake John Todd kuchunguza malale. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiuawa na homa ya papasi, ugonjwa mwingine waliokuwa wakiuchunguza.

Dawa za zamani

Tangu mwaka 1949, mgonjwa ambaye ubongo umeshaguswa alichomwa melarsoprol, dawa yenye sumu ya arseniki. Iliunguza mishipa kama moto, na iliua karibu mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa nayo.

Mwaka 2009 ilikubaliwa tiba ya NECT: serumu 14 kwa siku 7, pamoja na vidonge kwa siku 10. Ni salama zaidi, lakini inadai kitanda cha hospitali, manesi na mizigo mizito ya dawa. Kwa vijiji vyenye barabara mbovu, ni kazi ngumu.

Vidonge vilivyojaribiwa Kongo

Mwaka 2012 yalianza majaribio ya vidonge vya feksinidazole katika Kongo na Afrika ya Kati, yakiongozwa na daktari Mkongomani Victor Kande. Wagonjwa 394 ambao ugonjwa ulikuwa umeendelea sana waligawanywa katika makundi mawili. Baada ya miezi 18, tiba ilifaulu kwa 91 kati ya 100 waliomeza vidonge, na 98 kati ya 100 waliopata NECT. Serikali yetu iliikubali dawa hiyo Desemba 2018.

Tofauti hiyo ndogo ina maana kubwa. Ugonjwa ukishashika ubongo sana, vidonge havitoshi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye dalili kali bado anatobolewa mgongo kwanza ili maji ya uti yapimwe, na akikutwa na hali mbaya anapewa NECT. Anayefika mapema mara nyingi anamaliza kwa kinini za siku 10 tu.

Vidonge vinamezwa baada ya kula, mbele ya nesi. Tumbo likiwa tupu, dawa haiingii vizuri mwilini. Watoto chini ya miaka 6, ama wenye kilo chini ya 20, hawapewi.

Dawa nyingine, akoziborole, inamezwa siku moja tu. Ilijaribiwa kwa watu 208 katika Kongo na Guinea. Matokeo mazuri yalitangazwa mwaka 2022.

Kwa nini tusilale?

Mwaka 1998 wagonjwa karibu 40,000 waliandikwa katika Afrika. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka, lakini zaidi ya nusu wako Kongo. OMS inataka maambukizo yakome kufikia 2030. Hatari ni hii: ugonjwa ukipungua, watu wanausahau, na mgonjwa mmoja asiyepimwa anatosha kuuendeleza kijijini.

Timu ya upimaji ikifika, kubali kuchomwa kidole, hata kama unajisikia mzima. Ukiona mtu ambaye usingizi na tabia vimegeuka, mpeleke kituo cha afya na uulize wazi: "Je, si malale?" Dawa zenyewe zinatolewa bure.